Uswisi ya Afrika, lakini Uswisi ipi? Kijiji cha skii kabla ya skii, na Usambara yetu

Mpandisha_Wageni

Salaam wana Tanga, na wakubwa shikamooni.

Tunaandika maelezo ya Kiswahili ya kuwafundishia vijana wanaoanza kuongoza wageni Lushoto, Mtae na Mambo. Matangazo ya utalii huiita Usambara "Uswisi ya Afrika", vijana wameyashika maneno hayo, na kijana akimwambia hivyo Mswisi mwenyewe huulizwa swali la pili: kivipi? Hapo maneno huisha.

Naomba wanaoijua milima ya Alpi wanipe mambo ya kushikika. Kijiji ambacho leo kinaishi kwa skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa mbao miguuni, mfano Zermatt au Davos, zamani kilikuwa kinakula nini? Theluji yote ile haikukifukia kwa nini? Skii ilifika vipi, na nani aliyefaidi? Na tukiacha baridi na ukungu, kuna kitu hata kimoja kinachoiunganisha kweli Usambara na milima ile? Nataka mazungumzo ya dakika ishirini hivi, ya kutembea nayo kutoka Lushoto mjini hadi jabali la Irente. Miaka na vipimo msinibanie.

Ghala_la_Nafaka

Anza na ng'ombe, ndugu yangu. Skii iweke mwisho, maana hata kwao ilikuja mwisho.

Zermatt iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Lushoto mjini ni kama 1,400, na Shume inaipita Zermatt. Kwa kimo basi hatupishani sana. Tunapishana kwa majira. Zermatt iko nyuzi 46 kaskazini mwa ikweta, na ardhi yake hulala chini ya theluji tangu Desemba, pengine Novemba, hadi Aprili. Muda wote huo ng'ombe haonji jani bichi. Mpe kilo 10 za majani makavu kwa siku, zidisha kwa siku 200 za kukaa zizini, unapata tani 2 kwa ng'ombe mmoja. Tani hizo zilikatwa kwa fyekeo la mkono, zikaanikwa, zikageuzwa, zikabebwa mgongoni mpaka ghalani, na kiangazi chenyewe ni kifupi. Ukiyaingiza ghalani yangali na unyevu yanavunda, yanajipasha joto kwa ndani, na ghala linaweza kuwaka bila mtu kuwasha kiberiti. Vile vibanda vya mbao vilivyotawanyika kwenye picha za mabonde ya Alpi, vingi havikuwa vya kulala watu. Ni maghala ya majani, yaliwekwa palepale yanapokatwa ili kupunguza safari za mgongoni, na moto ukitokea usile kijiji kizima.

Hesabu hiyo ya majani ndiyo iliyozaa sheria ya kijiji. Törbel, kijiji cha Valais, jimbo hilohilo la Zermatt, kiliandika mwaka 1517 kwamba mwenyeji asipeleke malisho ya juu ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi. Malisho ya juu yalikuwa mali ya wote, ghala la majani lilikuwa la mtu binafsi. Kwa hiyo tajiri hakuweza kununua ng'ombe arobaini mwezi wa Juni, akawajaza mlima wa watu wote, kisha akawauza Septemba. Ghala lake lilimsuta. Wageni wengi wa mijini, Waswisi wakiwemo, hawalijui hilo, na kijana akilisema vizuri ataheshimiwa.

Juni ng'ombe hupanda, Septemba hushuka. Maziwa ya huko juu hayakuweza kushushwa kila siku, kwa hiyo yaligeuzwa jibini, lita 10 hivi kwa kilo 1. Mkate ulikuwa wa rai, nafaka ya jamii ya ngano inayovumilia baridi. Uliokwa mara mbili tatu tu kwa mwaka katika tanuri la kijiji, ukakaushwa kwenye rafu za mbao mpaka ukawa mgumu kama ubao. Pale Irente huuzwa mkate wa rai na jibini, kwa hiyo mfano mnao mwisho wa safari.

Sasa ghala la nafaka lenyewe, na hapa naomba kijana asimame alichore kwa fimbo mchangani. Ni chumba cha magogo ya mti wa larichi, jamii ya msonobari ila hupukutisha majani. Magogo yamepachikwa pembeni bila msumari, na jua limeyachoma mpaka yanakaribia weusi. Chumba kimeinuliwa juu ya miguu mifupi ya mbao. Kati ya kila mguu na sakafu pamelazwa jiwe bapa la mviringo, pana kuliko mguu wenyewe. Panya anaukwea mguu bila shida, lakini akifika chini ya jiwe itambidi atembee mgongo chini miguu juu mpaka ukingoni, ndipo ageuke apande. Hawezi, anaanguka. Mtaa wa zamani wa Zermatt bado unayo maghala hayo, katikati ya hoteli. Mtu aliyekulia kwenye vihenge vya mahindi ataelewa kabla hujamaliza kuchora.

Maji pia yasisahaulike. Valais ni jimbo kavu kuliko watu wanavyodhani, na malisho yalimwagiliwa kwa mifereji iliyotoka kwenye mito ya barafu, mingine ikiwa ni mabomba ya mbao yaliyoning'inizwa kwenye jabali. Mlinzi wa mfereji hakuweza kukesha akitazama kila pindo. Waliweka gurudumu dogo ndani ya maji, likizunguka linainua nyundo ya mbao na kuiangusha juu ya ubao: ko, ko, ko, usiku kucha. Mlinzi alilala kwa sauti hiyo. Ikinyamaza anaamka, maana maji yamekatika, ama mfereji umeziba kwa mawe ama umevunjika. Zamu za maji zilichongwa kwenye vijiti, kila ukoo na alama zake.

Umaskini nao usiufiche. Kutoka Tirol, Vorarlberg na Graubünden, majimbo ya milimani ya Austria na Uswisi, watoto walitembea kwa miguu kila mwaka mwishoni mwa majira ya baridi kwenda Ujerumani ya kusini, kwenye masoko kama la Ravensburg, wakachukuliwa na wakulima kuchunga na kulima mpaka vuli. Hilo liliendelea hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mabonde hayohayo leo mgeni hulipa pesa nyingi kulala usiku mmoja.

Mteremko_wa_Soni

Hapo kwenye theluji kutokifukia kijiji, niongeze mimi.

Maporomoko ya theluji hayaanzi kila mahali. Mengi huanza kwenye mteremko wa kati ya nyuzi 30 na 45. Chini ya hapo theluji inatulia, juu yake sana inamwagika kidogokidogo kabla haijarundikana. Kijana anaweza kuonyesha kwa kipande cha karatasi: kunja pembe ya mraba sehemu mbili sawa, hiyo ni 45, ikunje sehemu tatu sawa, kila moja ni 30. Aishike mbele ya mlima wa upande wa pili, kila mtu aone. Ubaya ni kwamba nyuzi 30 hadi 45 ndiyo miteremko mizuri ya skii pia.

Zamani kinga ilikuwa ya aina mbili. Ya kwanza ni kujenga kwenye mgongo wa ardhi, sio kwenye bonde dogo lililo wazi, maana bonde lisilo na miti katikati ya msitu huwa limeshapitiwa na maporomoko, ndiyo maana halina miti. Ya pili ni msitu wenyewe. Majani ya miti hudaka theluji na kuidondosha kwa mafungu, kwa hiyo haijengi tabaka moja refu linaloweza kukatika kwa pamoja, na mashina huishika isianze kuteleza. Lakini msitu huzuia poromoko lisianze tu. Likishaanza juu ya mstari wa miti hung'oa msitu na kushuka nao. Andermatt, kijiji kingine cha Uswisi, iliweka hati ya kukataza kukata mti hata mmoja kwenye msitu ulio juu ya kijiji mwaka 1397. Msitu huo bado upo, na ukiutazama kutoka kijijini ni pembetatu ya kijani kwenye mlima mtupu.

Serikali kuu ya Uswisi ilikuja na sheria ya misitu ya milimani mwaka 1876, baada ya ukataji uliosababisha mafuriko mabaya bondeni. Majira ya baridi ya 1950 hadi 1951 maporomoko yaliua watu zaidi ya 90 Uswisi peke yake. Baada ya hapo ndipo ramani za hatari zilipoanza kuchukuliwa kwa uzito: eneo jekundu haujengi nyumba, eneo la bluu unajenga kwa masharti, kwa mfano ukuta wa zege upande wa mlima usio na dirisha. Pale poromoko linapoanzia hupigwa safu za uzio wa chuma wenye kimo cha mita 3 au 4, kufuatana na kina cha theluji. Uzio mfupi kuliko theluji hauna kazi, theluji hupita juu yake.

Hata hivyo ramani hukosea. Galtür, kijiji cha skii huko Austria, kilipigwa tarehe 23 Februari 1999, watu 31 wakafa, na baadhi ya nyumba zilizovunjwa zilikuwa mahali palipohesabiwa kuwa salama. Theluji ilikuwa imeanguka mfululizo kwa wiki kadhaa na barabara zimefungwa, wageni hawakuweza kuondoka. Baadaye walijenga ukuta mkubwa wa kinga, na ndani ya ukuta wakaweka jumba la makumbusho ya kijiji. Historia yao inakaa ndani ya kile kinachowalinda.

Kwa sisi, mahali pa kusema haya ni barabara ya Mombo kwenda Lushoto, kilomita 33 hivi, kwenye korongo kabla ya Soni. Hatuna theluji, tuna udongo na mawe wakati wa masika. Kanuni ni ileile: mteremko mkali, kitu kizito kinachorundikana juu yake, na mizizi iliyokuwa inashika ikiondolewa.

Mpandisha_Wageni

Mashallah, nimeshapata nusu ya safari. Karatasi ya kukunja nimeijaribu sasa hivi, inafanya kazi.

Bado skii yenyewe. Ilitoka wapi, na mkulima mwenye ng'ombe wawili aligeukaje kuwa mtu wa hoteli?

Stesheni_ya_Mombo

Skii si ya Alpi, ni ya Skandinavia. Kule mbao za kutelezea ni chombo cha usafiri cha tangu kale. Alpi iliipata mwishoni mwa karne ya 19. Klabu ya skii ya Glarus, mji wa Uswisi, iliundwa 1893. Machi 1894 Arthur Conan Doyle, mwandishi Mwingereza, alivuka kutoka Davos hadi Arosa akiwa na ndugu wawili wa Davos, wa ukoo wa Branger, na makala aliyoiandika iliwafanya Waingereza wengi watake kujaribu.

Lakini wageni walikuwa wameshafika kabla ya skii, na hili ndilo jambo la kuwakaza vijana. Kwanza walikuja wapanda milima wakati wa kiangazi. Zermatt ilipata hoteli zake za kwanza za maana miaka ya 1850 kwa Alexander Seiler, mtu wa bonde jingine la Valais. Tarehe 14 Julai 1865 Edward Whymper na wenzake sita walifika kilele cha Matterhorn kwa mara ya kwanza, na wanne wakafa wakishuka baada ya kamba kukatika. Kipande cha kamba hiyo kiko makumbusho ya Zermatt. Ajali ilitangaza kijiji kuliko tangazo lolote.

Pili walikuja wagonjwa. Davos ilianza kupokea wagonjwa wa kifua kikuu wakati wa baridi mwaka 1865, chini ya daktari Alexander Spengler, kwa imani kwamba hewa kavu ya mlimani na jua vinatibu. Dawa ya kweli haikuwepo. Hao hawakuwa wageni wa "waja leo waondoka leo", walikaa miezi, na ndio waliolazimisha kijiji kuwa na nyumba zenye joto, maduka na mfereji wa maji taka katikati ya baridi. Skii ilipofika ilikuta vitanda vimeshatandikwa.

Tatu, reli. Davos ilipata treni 1890, Zermatt 1891. Andikeni hii: reli ya Zermatt ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, na reli yetu ya Usambara, iliyoanza kujengwa hapa Tanga 1893, ina upana huohuo. Sababu ni moja, njia nyembamba hupinda kona kali zaidi na huchimbiwa kingo ndogo zaidi, kwa hiyo ni rahisi milimani. Tofauti ni kwamba yetu haikupanda mlima. Ilifika Mombo 1905 ikapita chini ya Usambara mpaka Moshi 1911. Yao ilipanda kwa meno: katikati ya reli mbili pamewekwa ubao wa chuma wenye meno, na chini ya kichwa cha treni kuna gurudumu la meno linalouma humo. Bila meno, gurudumu la chuma juu ya chuma huanza kuteleza kwenye mwinuko mkali. Reli ya Gornergrat, inayoanzia Zermatt na kufika mita 3,089, ilifunguliwa 1898, ikiwa ya umeme tangu siku ya kwanza, na hupanda mita 20 kwa kila mita 100 pale palipo pakali.

Kwa miaka mingi treni ya Zermatt ilisimama majira ya baridi, na 1933 ndipo ikaanza kupanda mwaka mzima, baada ya sehemu za hatari kujengewa mapaa ya kupitishia maporomoko juu ya reli. Hivyo Zermatt kama kijiji cha majira ya baridi haijafikisha hata miaka mia.

Kuhusu mbao zenyewe: kabla ya mashine, mtu alifunga ngozi ya sili chini ya skii. Manyoya yake yamelala upande mmoja, skii ikisukumwa mbele inateleza, ikitaka kurudi nyuma manyoya yanasimama na kushika. Ukipanda saa nne unashuka kwa dakika ishirini, na siku imeisha. Mashine ndiyo iliyobadilisha mambo. Desemba 1934 injinia Ernst Constam alifungua Davos kivuta-watu chake kwenye kilima cha Bolgen: waya unaozunguka bila kusimama, na vijiti vinavyoning'inia kwa springi. Kijiti kinakupita nyuma ya mapaja na kukusukuma ukiwa umesimama kwenye skii zako. Mgeni wa kwanza hukosea kwa kukikalia kama kiti, springi inanyooka, anakaa chini kwenye theluji. Kuanzia hapo mtu aliweza kushuka mara ishirini kwa siku, na kijiji kikaanza kuuza kushuka.

Nani alifaidi? Seiler mwenyewe alipoomba uenyeji wa Zermatt 1871 kijiji kilimkatalia miaka 18, ingawa ndiye aliyekuwa analeta wageni. Uenyeji ulikuwa na maana ya haki ya msitu na malisho. Serikali kuu ililazimisha 1889. Leo jumuiya ileile ya wenyeji inamiliki hoteli kadhaa na ina hisa kwenye magari ya kebo. Shamba la pamoja limegeuka hisa ya pamoja. Si kila kijiji kilijaliwa hivyo. Penginepo nyumba zilinunuliwa na watu wa mbali, zikawa zimefungwa madirisha miezi kumi kwa mwaka, na vijana wa kijiji wakakosa pa kupanga. Ndiyo maana Machi 2012 Waswisi walipiga kura kwamba nyumba za mapumziko zisizidi asilimia 20 katika kila eneo la serikali ya mtaa. Magari ya mafuta Zermatt hayaingii hata leo, unayaacha Täsch, kilomita 5 chini, unapanda treni.

Sasa kiungo ulichouliza, na ni cha chuma.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya mbao ya Wilkins & Wiese ilikuwa inakata mwangati kwenye msitu wa Shume, mahali Wajerumani walipopaita Neu-Hornow. Gogo la mwangati lingeshukaje kutoka kimo kile hadi reli ya Mkumbara? Walijenga njia ya kebo, karibu kilomita 9, kushuka ukingo wa Usambara wa Magharibi. Aliyeijenga ni Adolf Bleichert & Co. wa Leipzig. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyojenga gari la kebo la kupandisha watu mlima Zugspitze upande wa Tirol, 1926, na lile la Nordkette juu ya Innsbruck, 1928. Kwa hiyo ufundi uliokuja kuwapandisha watu wa skii Alpi ulikuwa umeshafanya kazi ya kushusha magogo ya Tanga, miaka kumi na kitu kabla.

Mfumo wa Bleichert ni rahisi kuueleza. Kuna nyaya nene mbili zisizosogea, moja ya upande wa mizigo, moja ya upande wa vibebeo vitupu, nazo ndizo reli. Magurudumu ya kibebeo hukimbia juu yake. Chini yake kuna waya mwembamba wa kuvuta uliounganishwa kuwa duara, na kila kibebeo huuuma kwa koleo. Kwenye njia ya kushusha, mzigo unaoshuka huvuta vibebeo vitupu kupanda, kwa hiyo shida si injini, shida ni breki. Waya mnene nao una uzito wa kuuvuta uwe mkakamavu, ukining'inia kwenye stesheni ya mwisho, maana chuma hurefuka kwa joto la mchana na kufupika usiku. Waya ukilegea, kibebeo hujikuta kinapanda mlima kukaribia kila mnara. Ukikakamaa kupita kiasi, unakatika. Nyuzi zake huanza kukatika moja moja pale unapokalia juu ya mnara, na mkaguzi hupitisha kitambaa cha pamba juu yake. Kinaponaswa, pana uzi umekatika.

Binti_wa_Vugha

Kaka zangu mmeeleza vizuri sana, ila naomba kijana asianzie historia ya Usambara kwenye kebo ya Mjerumani. Nasisitiza hili kwa sababu maelezo mengi ya wageni huanzia hapo.

Mbegha, mwanzilishi wa ukoo wa kifalme wa Wakilindi, alikuja kutoka Ungulu, na Wakilindi walitawala kutoka Vugha tangu karne ya 18. Krapf, mmisionari Mjerumani, alipofika Vugha 1848 alimkuta Kimweri ye Nyumbai, mfalme ambaye utawala wake ulifika mpaka pwani. Burton na Speke, wasafiri Waingereza, walifika 1857. Kimweri alifariki 1862, wanawe na wajukuu wakapigana, mwanawe Semboja akiwa Mazinde karibu na njia ya misafara, na Wabondei wakajitoa. Wajerumani walikuta nchi imechoka kwa vita. Misheni ya Mlalo ilianza 1891.

Lushoto kama mji wa kiserikali waliuita Wilhelmstal, maana yake Bonde la Wilhelm. Vijana wengi husema Kaiser aliwahi kupumzika hapo. Si kweli, Wilhelm II hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Jina ni heshima tu waliyompa. Mjerumani anayejua historia yake akisikia hayo hataamini na mengine.

Na ile sheria ya Törbel ina mwenzake Mlalo, tena mwenzake wa kuumiza. Kuanzia 1946 serikali ya Kiingereza ilileta mpango wa kuokoa udongo Mlalo, ikaueneza sehemu nyingine za Usambara: watu walazimishwe kuchimba matuta kwenye mashamba ya mteremko, asiyechimba ashtakiwe. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, hilo halina ubishi. Lakini matuta yalikula siku za kazi za wanawake, yalipunguza nafasi ya kupanda, na mtu wa shamba hakuulizwa. Watu walikataa, wakaungana na harakati za siasa, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru. Kule Törbel, mwenye ng'ombe ndiye aliyeandika sheria. Mlalo, mwenye shamba aliletewa. Waambie wageni hivyo hivyo, wakiwa wamesimama mahali wanapoona mashamba.

Mpandisha_Wageni

Ahsante dada, la Kaiser limo kwenye karatasi zetu za zamani, nalifuta leo.

La mwisho: kila kundi huwa na mtu anayeuliza kama Magamba panaweza kuwekewa theluji ya mashine, kwa kuwa usiku ni baridi. Jibu fupi ni lipi?

Mteremko_wa_Soni

Haiwezekani, na sababu zinaelezeka.

Mashine ya theluji hupulizia maji yaliyogawanywa kuwa matone madogo sana, tone ligande kabla halijagusa ardhi. Kinachoamua si kipimajoto cha kawaida, ni kile kilichofungwa kitambaa kibichi, kinachohesabu na unyevu wa hewa. Kinatakiwa kisome nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, au chini zaidi, kwa saa nyingi mfululizo. Hewa ikiwa kavu unapata nafuu, hewa ikiwa na unyevu unaumia. Magamba ni msitu wa ukungu, unyevu ndio uhai wake. Vilele vya Usambara ya Magharibi haviendi mbali na mita 2,300, na joto hupungua nyuzi 6 na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Usiku wa baridi wa Julai unaweza kutetemesha mtu, kuganda kwa saa kumi mfululizo ni habari nyingine.

Halafu maji. Mita 1 ya ujazo ya maji hutoa kama mita 2 za ujazo za theluji. Kufunika hekta 1 kwa sentimita 30 kunataka kama mita za ujazo 1,500 za maji. Njia moja ya kushukia huweza kuwa na hekta 10. Vijiji vya Alpi vya chini, vya mita 1,000 na kidogo, sasa vimechimba mabwawa milimani kwa ajili hiyo, na bado usiku wa baridi ya kutosha unazidi kupungua, kwa hiyo wanahitaji mashine nyingi zaidi ili wamalize kazi kwa saa chache. Kuna lifti zilizosimamishwa kabisa na minara yake kung'olewa.

Mgeni akiuliza hayo, mwonyeshe vijito vinavyotoka Magamba, na mboga zinazolimwa kwa maji hayo bondeni, zinazopakiwa kwenda Tanga na Dar.